Bibi, nauziwa kitabu cha hesabu cha mwaka 1518, na mke wangu hajui

SWALI

Shikamoo Bibi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 46, kazi yangu uhasibu, na huu ni mwaka wa kumi na saba niko Leipzig. Mke wangu ni muuguzi, kwao Pangani. Nakuandikia wewe kwa sababu nimesikia kabla ya kustaafu ulikuwa mjalidi wa vitabu huku huku Ujerumani, na kwa sababu jambo langu nikimweleza mtu mwingine atacheka.

Nimeingia kwenye vitabu, Bibi. Si riwaya wala mashairi. Ni vitabu vya hesabu za biashara, vya Kijerumani, vya zamani hasa. Ilianza ofisini. Wenzangu wakimaliza kujumlisha kitu husema "nach Adam Riese", ndiyo kusema jibu ni hilo na halina ubishi. Nikauliza huyo Riese ni nani. Mmoja akanijibu bila kuinua kichwa: mwalimu wa hesabu, alikufa zamani. Nikaenda kumtafuta. Nikakuta jina lake hasa ni Ries, alizaliwa Staffelstein mwaka 1492, akafa 1559, na alifundisha hesabu kwa Kijerumani cha watu wakati wasomi wenzake wakiandika Kilatini. Mimi niliyekaririshwa meza ya kuzidisha kwa fimbo, nilimpenda mtu huyo hapo hapo.

Nikaanza na nakala za kisasa, zile zilizopigwa picha kutoka vitabu vya asili. Kisha nikapata gulioni kitabu cha hesabu cha karne ya 18, hakina jalada, euro 60. Sasa ninavyo kumi na kimoja. Mke wangu anavijua vitatu. Vilivyobaki vimo kwenye mfuko wa viatu vya baridi juu ya kabati.

Sasa sikiliza. Muuzaji mmoja wa vitabu vya kale, simtaji, ananiuzia kitabu kwa euro 4,900. Anasema ni toleo la kwanza la kitabu cha kwanza cha Adam Ries, Erfurt 1518, adimu mno, na kwamba ananifanyia bei ya kirafiki kwa kuwa ananiona mtu wa kuipenda kazi. Amenishikia kwa siku kumi, nami nimeacha euro 200 ambazo amesema hazirudi.

Aliniruhusu nikae nacho nusu saa. Ni kidogo, kinaenea kiganjani. Jalada ni ngozi nyeupe iliyogeuka rangi ya samli, imepigwa mihuri ya maua bila rangi. Muuzaji anasema ni ya ndama. Karatasi ya kwanza yenye jina la kitabu haipo. Ndani ya jalada mtu ameandika kwa penseli: Riese, Erfurt 1518. Mwanzoni kuna mchoro wa mistari ya kuhesabia kwa vijisarafu, kisha mbele kidogo zinaanza hesabu za tarakimu, zile anazoziita za Feder, za kalamu ya unyoya. Halafu maswali ya sokoni: kitambaa, pilipili manga, tangawizi, nta. Chini ya kurasa kuna herufi, nikaziandika: A, B, C, D, F, G, H, I, K. J haipo, na hilo limenitia wasiwasi kwamba kuna karatasi zimeng'olewa. Ya mwisho kabisa imekatwa nusu ya chini, kwa mkasi, imenyooka.

Pembeni ya swali moja la tangawizi kuna mtu amekokotoa kwa wino wa kahawia. Amekosea, amefuta, amekosea tena. Bibi, hapo ndipo moyo wangu uliponasa.

Fedha ninazo, ila si zangu peke yangu. Tuna akiba ya kujenga Tanga, euro 14,000: mimi nimeweka 8,000, mke wangu 6,000. Akaunti naisimamia mimi, mwenzangu hajaiangalia tangu mwaka jana. Ninajiambia kitabu kama hiki thamani yake haishuki, ni sawa na kuhamisha akiba kutoka mfuko huu kwenda ule.

Nikichukue? Na mke wangu nimwambie kabla au baada?

Mhasibu wa Tanga, Leipzig

JIBU

Marahaba mjukuu wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na penseli mkononi. Nilipelekwa Leipzig kutoka Unguja nikiwa msichana, enzi ambazo Ujerumani Mashariki walikuwa marafiki zetu, nikajifunza kushona vitabu, nikabaki nikivishona hadi macho yalipokataa. Vitabu vya hesabu vimepita mikononi mwangu vingi. Vilikuwa vinakuja katika hali mbaya kuliko vyote, vibaya kuliko hata vya mapishi.

Nianze na 1518, kwa sababu hapo ndipo euro 4,900 zilipojificha.

Ni kweli Adam Ries alitoa kitabu chake cha kwanza Erfurt mwaka huo, "Rechnung auff der linihen", hesabu za kwenye mistari. Lakini nakala ya toleo hilo la 1518 haijulikani kuwepo popote. Hata moja. Wanaomchunguza Ries wanalijua kwa kutajwa tu; cha kushika mkononi kinaanzia toleo la pili la kitabu hicho hicho, la 1525. Kwa hiyo muuzaji wako, kama ni mkweli, ameokota kitabu ambacho maktaba na makumbusho ya Annaberg, Erfurt, Munich na Berlin hayana, akaamua kukuuzia wewe mhasibu wa Tanga kwa bei ya gari lililotumika. Kitabu hicho kingepatikana kweli, mjukuu wangu, ungekisikia kwenye taarifa ya habari.

Na kwa nini hakikubaki? Kwa sababu kilitumika. Biblia kubwa ya kanisani inafungwa kwa minyororo, inafunguliwa Jumapili. Kitabu cha hesabu kilikuwa cha mtoto wa muuza nguo, kinakaa karibu na mshumaa, kinabebwa mfukoni, anapewa mdogo wake, na kikichakaa kinaishia kwa mjalidi. Huko sisi tulikuwa wachinjaji. Mjalidi wa zamani akikosa karatasi ya kuimarisha mgongo wa kitabu kipya, alikata vitabu vikuukuu vipande vipande akavigandisha ndani. Kuna kitabu cha hesabu kilichochapwa Bamberg mwaka 1482, cha mwanzo kabisa kwa Kijerumani kadiri tunavyojua, na leo vimebaki vipande tu. Kile kilichochapwa hapo hapo Bamberg mwaka uliofuata, 1483, nacho kimebaki kwa nakala za kuhesabu kwa vidole. Ndiyo maana ya uadimu katika vitabu hivi: vya watu wa kawaida viliisha kwa kutumiwa.

Sasa tuje kwenye ulichokiona wewe mwenyewe, kwa macho ya mhasibu, ukaniandikia bila kukisoma.

Kitabu cha 1518 kilifundisha mistari peke yake. Kilikuwa cha watoto. Unachora mistari mezani, wa chini ni mmoja mmoja, wa juu yake makumi, mamia, na wa maelfu unautia msalaba usipotee. Kijisarafu kikikaa katikati ya mistari miwili ni tano, au hamsini, au mia tano. Kalamu haikuwemo. Kalamu aliileta katika kitabu cha pili, cha 1522, "Rechenung auff der linihen und federn". Humo anaeleza kwamba amewaona wanafunzi wanaoanza na mistari wanakuwa wepesi kuliko wanaoanza moja kwa moja na tarakimu, kwa hiyo anaanza na mistari kisha anawavusha kwenye unyoya. Wewe umeniambia kitabu chako kina mistari, halafu Feder. Basi si cha 1518 hata kama kingekuwa na muhuri wa mfalme. Ni ndugu wa kile cha pili, na hicho cha pili kilichapwa tena na tena, zaidi ya mara 100, Ries akiwa hai na hata baada ya kuzikwa. Kuna tofauti kubwa kati ya toleo la 1522 na toleo la miaka hamsini baadaye lililochapwa haraka haraka kwa ajili ya maonyesho ya biashara ya Frankfurt.

Mwaka wenyewe wa kitabu ungeusoma wapi? Kwenye karatasi ya jina, ambayo haipo. Au mwishoni, kwenye kolofoni, yale maneno machache ambamo mchapaji hutaja jina lake, mji na mwaka. Nayo, unasema, imekatwa. Panya hatumii mkasi. Maji hayakati mstari ulionyooka. Mtu amekata nusu ya chini ya karatasi ya mwisho, mahali hasa mwaka unapokaa, kisha mtu, labda mwingine, labda huyo huyo, akaandika 1518 kwa penseli ndani ya jalada. Simtuhumu muuzaji wako. Inawezekana alikinunua hivyo hivyo naye akaiamini penseli. Ila penseli si ushahidi, na wewe kazini usingepitisha risiti iliyokatwa tarehe.

Kuhusu J, lala usingizi. Wachapaji wa wakati ule walitumia alfabeti ya herufi 23 kuandika alama za chini ya kurasa. J, U na W hazikuwemo. Baada ya I inakuja K, sawa sawa, hakuna kilichopotea hapo.

Lakini rudia orodha yako. Isome kwa sauti. A, B, C, D, F.

Umeona? Umehangaika na J ambayo haikuwahi kuwepo, ukairuka E iliyoibiwa. Herufi hizo zilimwongoza mjalidi. Karatasi kubwa moja ilichapwa, ikakunjwa, na kila mkunjo ukapewa herufi yake ili aliyeshona asichanganye. Kitabu cha kuenea kiganjani namna hiyo kwa kawaida ni cha mkunjo wa karatasi nane. Kwa hiyo E ikikosekana, umepungukiwa karatasi nane, kurasa 16. Jumlisha na karatasi ya jina, jumlisha na nusu ya mwisho. Na usikomee kwenye K, maana kama karatasi iliyokatwa imo ndani ya K, labda kitabu kinaishia hapo, labda kulikuwa na L na M vilevile. Ukirudi, hesabu karatasi moja moja ndani ya kila mkunjo. Katika B, kwa mfano, utakuta B, kisha Bij, Biij, Biiij, Bv, halafu tatu zisizo na alama. Pungufu yoyote iandike. Ukiona karatasi moja nyeupe na laini kuliko wenzake, iinue kwenye mwanga: karatasi ya karne ya 16 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, utaona mistari ya wavu wa waya ndani yake, na katika kitabu cha mkunjo wa nane mistari ile minene inasimama wima, huku alama ya maji ikijificha juu, karibu na mshono. Isiyo na mistari hiyo iliingizwa juzi.

Na jalada si ndama. Sijaliona, lakini ngozi nyeupe inayozeeka kwa rangi ya samli, yenye mihuri isiyo na rangi, katika Ujerumani ya wakati ule, mara nyingi sana ni nguruwe. Angalia vitundu vya nywele: vya nguruwe vinakaa vitatu vitatu, kama mafiga. Nakuambia mapema kwa sababu ukikinunua kitakaa kabatini kwa mtu wa Pangani, na mama mkwe akija kukutembelea ni vizuri ujue umeweka nini juu ya viatu. Mimi mwenyewe nilizishona ngozi hizo miaka mingi nikanawa mikono nikaenda kuswali; kila mtu na dhamiri yake. Ila muuzaji asiyeitambua ngozi ya kitabu anachokiuza bei hiyo ni wa kuulizwa maswali zaidi.

Na hivyo ulivyonavyo vitoe kwenye mfuko wa viatu. Leo. Viatu vya baridi vina theluji na chumvi, mfuko wa plastiki unafunga unyevu ndani, na ukungu ukianza haukuombi ruhusa. Viweke rafuni, mbali na kipasha joto, wazi. Hilo la wazi nitalirudia.

Usidhani nakukejeli kwa kukipenda kitabu. Ile hesabu ya tangawizi iliyokosewa mara mbili pembeni, hata mimi ingenishika. Zamani wakusanyaji matajiri walikuwa wanatuletea vitabu tuvioshe, wino kama huo utoke, karatasi iwe nyeupe kama kitambaa cha meza. Niliosha baadhi, Mungu anisamehe. Leo yeyote mwenye akili anavitafuta vyenye alama za watumiaji, maana kurasa zilizochapwa zinafanana nakala hadi nakala, ila mwanafunzi wa tangawizi yuko katika nakala moja tu duniani.

Unajua kwa nini alikosea? Kila mji ulikuwa na ratili yake, dhiraa yake na sarafu yake. Saksonia guldeni moja ilikuwa groschen 21, groschen moja pfennig 12. Ukivuka mpaka mambo yanabadilika. Mtu ananunua Nürnberg kwa zentna, yaani ratili mia, anauza kwingine kwa ratili, analipwa kwa fedha ya tatu. Silaha yake ilikuwa moja, Kanuni ya Tatu, Regel Detri: ukijua kitu hiki kwa bei hii, je kile kwa bei gani. Tatu zinajulikana, ya nne unaitafuta. Nusu ya vitabu unavyovikusanya ni kanuni hiyo ikivalishwa pilipili, nta, samaki na fedha za Annaberg.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote, tena ni wa mji wako. Mwaka 1489 Leipzig, Johannes Widmann alitoa kitabu cha "hesabu nyepesi na nzuri kwa biashara zote", kilichochapwa na Conrad Kachelofen. Ndani yake kuna mtu kanunua vipipa 13 vya matunda ya tini. Kipipa kimoja kina zentna 4 na ratili 5 zaidi, kingine zentna 4 kasoro ratili 17, kingine 3 na ratili 36 zaidi, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa "zaidi" ameweka msalaba mdogo, +, na kwa "kasoro" ameweka kistari, −. Ndiyo mara ya kwanza alama hizo mbili kuonekana katika kitabu cha chapa. Mwanao akiandika 5 + 3 shuleni Leipzig anatumia alama iliyoingia duniani kupitia mapipa ya tini, mtaa wa pili.

Fuata hesabu yake. Zentna zote na zilizozidi zinafika ratili 4,539. Zilizopungua ni 75. Lakini tini haziji peke yake, zinakuja na mbao: anakata ratili 24 kwa kila kipipa, mara 13, ni 312. Ongeza zile 75, unapata 387. Toa kwenye 4,539, zinabaki ratili 4,152 za tini kweli. Watu wa karafuu kwetu Unguja wangemwelewa Widmann bila mkalimani. Gunia haliliwi, gunia linatolewa.

Toa gunia na wewe. Kitabu chako ni Ries wa kalamu na mistari, toleo la baadaye lisilo na tarehe, kimekosa jina, kimekosa mkunjo mzima wa E, kimekatwa mwisho, kina jalada zuri la wakati wake na mwanafunzi mmoja mzembe. Hicho kina thamani, tena mimi ningekinunua, lakini kwa bei ya kitabu kilichojeruhiwa, ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya kilicho kizima. Kukitambua ni toleo gani, usitegemee penseli. Maktaba ya Jimbo la Bavaria huko Munich inatunza orodha ya vitabu vya karne ya 16 vya nchi za Kijerumani, inaitwa VD16, iko wazi kwenye intaneti, na matoleo mengi ya Ries yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Kaa jioni mbili. Linganisha mahali mistari inapokatika, herufi za mapambo, makosa ya chapa. Kisha chukua treni siku moja hadi Annaberg-Buchholz, kwenye nyumba ya Ries iliyogeuzwa makumbusho, uone vya kweli vilivyo. Hapo hapo Leipzig, ndani ya Maktaba ya Taifa, kuna Makumbusho ya Vitabu na Maandishi. Waulize kuhusu karatasi na alama za maji. Wanajibu vizuri kuliko wanavyoonekana usoni.

Kwa muuzaji fanya jambo moja. Mwombe akuandikie risiti yenye maneno hayo hayo aliyokuambia: Adam Ries, Erfurt, 1518, toleo la kwanza, kimekamilika au kimepungukiwa karatasi kadhaa, azitaje. Akiandika na ikawa uongo, karatasi itakusemea. Akianza kukuna kichwa, umeshapata jibu, na euro 200 zako zidai kwa hoja hiyo hiyo, kwamba ziliachwa kwa ajili ya kitabu ambacho hana.

Ukitaka kuendelea na mapenzi haya, usikimbilie majina makubwa. Widmann wa 1489 ni inkunabula, kitabu cha kabla ya 1501, na hata kukitoa nje ya Umoja wa Ulaya ni lazima kibali, iwe thamani yake ndogo namna gani. Matoleo yake ya baadaye yapo hadi 1526, nayo si ya mshahara wako. Mtafute Jakob Köbel, karani wa mji wa Oppenheim, aliyeandika hata sehemu za namba kwa tarakimu za Kirumi kwa kuwahurumia wasiozizoea hizi nyingine. Ukurasa wake mmoja utakuchekesha wiki nzima. Au Peter Apian wa Ingolstadt, 1527, mwenye ile pembetatu ya namba kwenye ukurasa wa jina, ambayo watu wanaiita ya Pascal ilhali Pascal alikuwa bado karibu miaka mia kuzaliwa. Ukipita London, ingia National Gallery utazame picha ya Holbein ya mabalozi wawili, ya 1533: kwenye rafu ya chini kuna kitabu kidogo cha hesabu kimefunguliwa nusu, kimebanwa na rula ya pembe mraba. Ni hicho cha Apian, kimefunguliwa kwenye kugawanya. Kukitazama ni bure.

Wala karne za 17 na 18 usizidharau. George Plimpton, mchapishaji wa vitabu vya shule wa New York, alivikusanya vitabu vya hesabu kwa miaka, vitabu ambavyo matajiri wenzake hawakuvitaka. Orodha yake ilitoka 1908 kwa jina "Rara Arithmetica", mwandishi David Eugene Smith, na vitabu vyenyewe akavipa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1936. Orodha hiyo isome kabla hujanunua kingine chochote. Na kile chako cha euro 60 kisicho na jalada, hujaniambia kimeandikwa na nani, ila nina hakika umekihesabu karatasi kwa upendo kuliko hiki cha 4,900.

Nimebakiza la mwenzako, nawe unajua nimeliacha makusudi.

Katika vitabu vyako kuna mlango unaitwa Gesellschaft, ubia. Watu wawili au watatu wameweka fedha pamoja, kila mmoja kiasi chake, wamepata faida au hasara, kila mmoja inamwangukia kiasi gani. Umeufanya mlango huo mara ngapi? Basi ufanye leo. Akiba 14,000, ya kwako 8,000, ya mwenzako 6,000. Inatoka 4,900. Kanuni ya Tatu: 14,000 inazaa 4,900, je 6,000 inazaa ngapi? Inazaa 2,100. Hiyo ni fedha ya muuguzi, ya zamu za usiku, unayotaka kuihamisha kutoka mfuko huu kwenda ule bila mwenye mfuko kujua. Yako ni 2,800. Hata hiyo si yako yote, maana mmeiwekea nyumba ya Tanga jina.

Kwa hiyo ni kabla, mjukuu wangu. Wala si kwa hotuba. Mkishakula, watoto wamelala, shusha mfuko wa viatu, vipange vyote kumi na kimoja mezani, mwambie hivi ndivyo vilivyo na kila kimoja kimegharimu hiki. Mwonyeshe akaunti. Atakasirika, na hasira hiyo ni halali yake. Usiijibu kwa Kijerumani. Akitulia mfungulie ukurasa wa vipipa vya tini, mpe penseli, umwache ahesabu. Wauguzi wanapima dawa kwa kanuni hiyo hiyo kila zamu, na sitashangaa akimaliza kabla yako. Kisha kubalianeni kiasi, kila mwezi, kitoke kwenye mshahara wako na si kwenye akiba, na mwenzako akijue kabla muuzaji hajakijua.

Halafu rudini dukani pamoja. Mwombe mkeo amuulize muuzaji, kwa upole, E iko wapi.